Misuko Aliyoiacha Hawa

Arua, Mfungo Pili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na mkono wako naubusu kutoka huku nilipo, ijapokuwa najua utasema busu la karatasi halina joto. Goti lako laendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyopewa na jirani bado waitumia, au umeshairudia karafuu yako? Sisi huku tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Sukari twaisikia kwa jina tu, na sabuni huja ikipenda, lakini muhogo upo, simsim ipo, na sijasikia mtu aliyekufa kwa kunywa chai isiyo na sukari. Ungeniona ninavyounga mchuzi kwa simsim iliyosagwa badala ya nazi, ungenicheka kwanza, kisha ungeomba sahani ya pili.

Najua umeninunia. Nilikuletea habari kwamba Ramadhani ikiisha ningekuwa kwako, na bila shaka uliwatangazia mtaa mzima. Idi ikapita, sikuonekana wala sikuandika. Si kiburi, Mama. Nilikuwa na mtoto mmoja hapa ambaye sikuweza kumwacha, na nilikuwa sijui niandike nini. Sasa najua, ndiyo maana nimekaa na kalamu.

Wifi yangu Hawa amefariki. Wamjua kwa barua zangu: dada yake mume wangu, aliyekaa nasi ua mmoja, yule aliyenifundisha kupika kisra, ule mkate wao mwembamba, nisijiunguze vidole. Mumewe ni askari, kambi yake iko mbali kusini, kwa hiyo Hawa na watoto wake wawili walikuwa wetu kila siku. Alikuwa na mimba, na huku kama kwetu mwanamke hupenda kujifungulia kwa mama yake. Akapanda basi kwenda Koboko, kwa mavyaa yangu, siku chache kabla ya mwezi kuandama. Ramadhani ilipofika katikati, alijifungua mtoto wa kike. Mtoto akapona, mama hakupona. Nililia, Mama. Sikuwa na rafiki mwingine huku.

Habari ililetwa na kondakta wa basi. Mume wangu na wanaume wengine wakaondoka saa ile ile, wakamzika huko huko Koboko, na sisi wanawake tukabaki Arua kukaa matanga. Mkubwa wetu hapa uani ni Bi Safia, shangazi yake mume wangu, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Jambo la kwanza alilofanya ni kutukalisha mmoja mmoja na kutufumua nywele. Ndiyo desturi ya nyumba hii: mwanamke aliyefiwa hakai na nywele zilizosukwa mpaka arobaini ipite. Hata mimi nisiyekuwa na habari nilifumuliwa, nikajiona kwenye kioo nikajiogopa. Jambo la pili alilofanya ni kutoa amri kwamba watoto wasiambiwe.

Watoto wenyewe ni Zaituni, wa miaka minane, na Abdu, ambaye hata minne hajatimiza. Siku ile walirudi kutoka kwa jirani wakakuta ua umejaa wanawake. Zaituni akasimama mlangoni, akatutazama, akatutazama tena. Bi Safia akamwambia, "Wanawake hawa wamekuja kusoma dua ya Ramadhani. Mama yako bado iko Koboko, iko nalea mutoto mudogo." Wala haukuwa uongo mtupu, Mama, kwa maana Hawa alikuwa Koboko kweli.

Nilimfuata Bi Safia jikoni nikamweleza ulivyofanya wewe Baba alipokufa. Nilimwambia ulitukalisha mkekani, ukatushika mikono, ukasema, "Baba yenu amekufa, harudi. Mkitaka kulia, lieni hapa kwangu." Nakumbuka nilikukasirikia kwa kulisema wazi namna ile, lakini sikukaa mlangoni hata siku moja kumngojea. Bi Safia alinisikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu yake, kisha akasema, "Wewe mutu ya pwani, huko kwenu iko desturi yenu. Hapa mutoto haambiwe kifo. Moyo yake iko mudogo. Ikikua itajua yenyewe."

Mimi mgeni, Mama. Miaka mitatu niliyoolewa hapa bado naitwa Mama Pwani. Nikafyata ulimi.

Baba yao alipewa ruhusa ya siku tatu. Alikuja na pakiti ya biskuti, akampakata Abdu, akamtazama Zaituni, na kila alipofungua kinywa alikifunga tena. Siku ya tatu akarudi kambini bila kusema neno. Mwanamume mwenye bunduki, na mtoto wa kike akamshinda.

Msiba wa Abdu tuliuona mapema. Alianza mchezo wa kuzika. Atachukua guguta la mahindi, alifunge kitambaa, alichimbie shimo karibu na choo, kisha ainue viganja kama alivyoona watu wakifanya. Ukimwuliza nani huyo, atasema, "Mutu." Wanawake walimpiga makofi ya mkono wakisema ni uchuro, kwamba analiita jambo baya. Nami nilianza kukaa naye kule nyuma na kumsaidia kuchimba. Niliona mtoto ana jambo linalomkaba na hana pa kuliweka isipokuwa lile shimo.

Lakini aliyenitisha ni Zaituni, na alinitisha kwa sababu hakuna aliyemlalamikia. Hakulia, hakuuliza, alifagia kabla ya kuambiwa. Wageni walimsifu. "Mutoto muzuri hii, hasumbue mutu." Kitu kimoja tu alikuwa mkaidi nacho, nacho ni kichwa chake.

Asubuhi ile ya safari, kabla ya kwenda kituoni, Hawa alimkalisha Zaituni katikati ya magoti yake akamsuka. Unajua misuko ya Kinubi, ya kabila la mume wangu, ilivyo, myembamba, mingi, inataka mkono mwepesi na subira. Nilikuwepo, nilikuwa nawafungia chakula cha njia. Alipomaliza alimpiga begani akamwambia, "Usikubali mutu ingine ifungue. Mimi mwenyewe nafungua nikirudi." Ni maneno tu ya mama anayejisifia kazi yake. Basi yule mtoto aliyashika kama amana. Maji hayakugusa kichwa chake. Alilala kifudifudi ili misuko isisuguliwe na mkeka. Mwezi ukaisha, nywele mpya zikaota chini, misuko ikainuka ikafumuka nyuzi na kushikamana, na chawa wakapata makao. Akafunga kitambaa juu, akaendelea kufagia.

Arobaini ikafika. Kisomo kikasomwa, mbuzi akachinjwa, na kesho yake wanawake wote tukakaa kivulini kusukana upya. Vicheko vikarudi, hata Bi Safia alinitania kwamba kichwa changu ni kigumu kama cha mume wangu. Zamu ya Zaituni ilipofika, alikataa. Bi Safia akambembeleza, akamwahidi ushanga, akamkemea, mwisho akaagiza wembe. Mwalimu alikuwa ameshatuma ujumbe mara mbili juu ya wale chawa, na Bi Safia hakuwa na ubaya, alichoka tu. Tulipogeuka kumtafuta, mtoto hayupo.

Tulimtafuta kwa majirani, tukamtafuta msikitini, tukamtafuta kisimani. Sikuwahi kukimbia hivyo tangu nizaliwe, na wajua mimi si mtu wa kukimbia. Nikamkuta kituo cha basi, upande yanapoegeshwa magari ya Koboko, ameketi juu ya gunia la muhogo la mama mmoja kutoka vijiji vya Ayivu aliyekuwa akingoja usafiri. Yule mama alikuwa amempa nusu ya muhogo wake wa kuchoma. Kondakta akaniambia, "Huyu mutoto nauliza basi ikitoka Koboko nashusha watu wapi. Nimemwonyesha. Hatoki hapo."

Niliketi naye juu ya gunia. Yule mama wa Ayivu akasogea bila kuulizwa. Nikawaza amri ya Bi Safia, nikawaza mkeka wako, nikaona afadhali Bi Safia anifukuze. Nikamshika mkono nikasema, "Zaituni, mama yako hatashuka kwenye basi hili. Mama yako amekufa."

Hakushtuka, Mama. Alikuwa akitafuna, akameza kwanza. Kisha akasema, "Najua."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna mutu. Siku ile nalirudi nyumbani, nyinyi yote nalifumua nywele. Bi Safia, wewe, wale jirani. Nikajua."

Watu wazima tulifunga vinywa, tukawafukuza watoto waliotaka kumnong'oneza, kisha tukakaa mbele yake vichwa vikiwa vimefumuliwa vyote, tukidhani tumeficha. Huyu amezaliwa katika nyumba hii. Desturi yao anaijua kuliko mimi. Alikuwa ameketi na msiba wake siku zote zile, peke yake, akitulinda sisi tusijue kwamba anajua.

Nikamwuliza, "Sasa mbona hukusema?"

"Nyinyi nasema iko Koboko. Mimi nafikiri, labda nyinyi nakosea. Na mimi nikifumua..." Hakumaliza. Akalivuta lile tambara la kichwa likafunika masikio.

Hapo ndipo nilipomwelewa. Mtu akifumua nywele, amekubali. Sisi tulikuwa tumeshakaa matanga, tumelia, tumepikiwa, tumesukwa tena tukacheka. Yeye alikuwa hajaanza.

Nilimtuma mtoto mmoja wa jirani aliyekuwa pale kituoni aende nyumbani akaseme Zaituni ameonekana, akaniletee Abdu. Mume wangu alikuwa safarini na lori la tumbaku, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwomba ruhusa ila Mungu. Abdu akaja na guguta lake mkononi, tukapanda basi, tukaenda Koboko watu watatu bila hata kanga ya kubadilisha. Zaituni alikaa dirishani. Njiani alitazama kila kitu, mashamba ya mtama, watu wa baiskeli, kana kwamba anataka kujua mama yake aliona nini.

Mavyaa yangu, ambaye watoto humwita Haboba, alikuwa nje anamkogesha kichanga tulipotokea. Alipowaona akatazama chini. Baadaye aliniambia alikuwa akiiogopa siku hiyo kuliko siku ya mazishi. Nikamwambia, "Mama, wanajua." Akampa jirani kile kichanga, akajifuta mikono, akawafungulia kifua.

Hakupoteza wakati. Alasiri ile ile alitupeleka makaburini. Wanawake wa huku hawaendi ovyo makaburini, lakini alisema hawa ni watoto, na yeye ni mzee, mwenye kusema aje aseme. Abdu akauliza maswali yake, na ungempenda mavyaa yangu, Mama, kwa alivyomjibu.

"Iko ndani hapa?"

"Iko ndani."

"Iko giza?"

"Iko giza. Lakini yeye haoni tena, hata mwanga haoni."

"Nakula nini?"

"Hakuli tena. Mutu ikikufa, njaa inaisha, homa inaisha, yote inaisha."

Abdu akafikiri, akasema, "Hata mimi nalichimba." Haboba akamwambia amechimba vizuri. Tangu siku hiyo lile guguta limelala mahali, halijazikwa tena.

Tuliporudi Zaituni alimtazama mdogo wake, kile kichanga. Wamempa jina la mama yake, Hawa. Akampapasa kichwa akasema, "Hii haina nywele ya kusuka," tukacheka kidogo. Kisha yeye mwenyewe, bila kuitwa, akalivua lile tambara, akaenda kuketi chini katikati ya magoti ya Haboba, akainamisha kichwa.

Haboba aliagiza mafuta ya simsim na sindano. Alianza nyuma, shingoni, polepole, maana misuko ilikuwa imegandamana. Ulipofunguka wa kwanza Zaituni alianza kulia. Si kile kilio cha mtoto aliyechapwa. Alilia kama watu wazima, kwa sauti, akimtaja mama yake kwa jina, na Haboba akawa analia juu ya kichwa chake huku vidole vinaendelea kufumua. Jirani mmoja alitaka kumnyamazisha, nikamzuia. Nilimpakata Abdu kwa mkono mmoja na kichanga kwa mkono mwingine, nami nikalia nao. Jua lilizama bado wanafumua. Chawa walikuwa wengi, Mama, sikufichi. Tulipomaliza tukamwosha kwa kipande cha sabuni kilichokuwa kimewekewa mtoto mchanga, akala sahani mbili za maharage, akalala chali.

Asubuhi mikono ya Haboba ilikuwa imevimba, haiwezi kusuka. Akaniambia nimsuke mimi. Wajua mkono wangu. Dada yangu Mwanaisha ndiye msusi wa nyumba yetu, mimi nilikuwa wa kushika kioo. Nikamsuka mistari minene ya kwetu, minne huku, mitatu huku. Zaituni akaomba kioo, akajitazama kwa muda.

"Haifanane na ya mama," akasema.

"Haifanani," nikamwambia.

"Iko mbaya."

"Ni mbaya kweli."

Akanirudishia kioo. "Haya. Malizia upande hii."

Tuliporudi Arua, Bi Safia hakunisemesha siku mbili. Sikumlaumu, nilivunja amri yake mbele ya watu. Siku ya tatu alikuja chumbani kwangu na kisra iliyofunikwa, akaketi, akasema, "Nauliza mutoto, nani alikwambia? Naniambia, nywele yako." Akajishika kichwa, akatikisa, akacheka kwa huzuni. "Kumbe mutoto haisikie mudomo. Inaangalia." Siku hizi Abdu akimletea maswali yake jikoni, humjibu. Mengine humjibu vibaya, kwamba mama yake ni nyota na mambo kama hayo, lakini hamfukuzi.

Nisikudanganye kwamba mambo yameisha. Zaituni hulia sasa kwa vitu vidogo, kikombe kikivunjika, ndala ikikatika. Shuleni alimpiga msichana aliyemwita yatima. Wale waliokuwa wakimsifu sasa wanasema ameharibika. Mimi namwona ameanza kupona. Akilia namwambia ulivyotuambia wewe, lia hapa kwangu, naye huja.

Mume wangu aliporudi tulizungumza, akasema ni lazima nije kwako, mzazi hangojeshwi mara mbili. Nikamwambia Zaituni mapema, sikutaka aone sanduku tu. Nilisema, "Nakwenda Mombasa kumwona mama yangu. Nitapanda basi mpaka Pakwach, kisha gari moshi. Nikijaliwa nitarudi." Usiku hakula. Kesho yake nikamwambia, "Basi, twende pamoja, nitamwomba baba yako ruhusa." Nilidhani atafurahi. Akanitazama kama Bi Safia anavyonitazama nikiunguza kisra.

"Hapana. Mimi nabaki. Nataka kuona wewe nashuka basi."

Basi naja, Mama. Naja kwa wiki mbili, na wiki mbili zikiisha usinishike kanga. Usiseme ngoja hata Ijumaa ipite. Kuna mtu kituoni.

Nisalimie Baba mkubwa na umwambie kofia aliyoniagiza nimeipata, ila ni kubwa kuliko nilivyodhani. Nisalimie jirani yetu mwenye dawa ya goti. Kaka yangu Omari, mwambie nitakuja na tumbaku ya huku asije akasema dada hamkumbuki. Mavyaa yangu wa Koboko anakusalimu sana, anasema mikono yenu wawili imenilea mimi mmoja. Bi Safia naye anakusalimu, anauliza kama ni kweli kwenu hata maharage mnatia nazi.

Na dada yangu Mwanaisha msalimie peke yake, umpe na onyo. Jana alasiri Zaituni alinikalisha katikati ya magoti yake akanisuka. Ni mara yake ya kwanza kusuka kichwa cha mtu mzima. Upande mmoja ni minene, upande mwingine umepinda unaelekea sikioni, na nyuma kuna mahali alipasahau. Mtanicheka kituo cha gari moshi, nanyi mna haki. Lakini Mwanaisha asilete chanuo, wala wewe usinipake mafuta ukasema unaninyoosha kidogo tu. Alipomaliza alinipiga begani akasema usikubali mutu ingine ifungue. Nimemwahidi. Nitarudi nayo Arua jinsi ilivyo, aifumue mwenyewe.

Mwanao,
Mwanajuma